Mwaka Tulipohamia Windows

Sitataja jina la mtu yeyote katika habari hii. Usidhani ni adabu. Majina ndiyo niliyokabidhiwa niyatunze, nikayapoteza, na tangu hapo sipendi kujiona nikiandika jina la mtu mahali popote.

Nilikuwa karani wa chama cha wachimbaji wadogo mjini Kahama, katika miaka ile ya tisini ambapo kila baada ya wiki chache ulisikia dhahabu imeonekana porini kwingine na nusu ya vijana wa mtaa wameondoka na sululu zao. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kupanga. Nje kulikuwa na benchi. Ndani meza mbili, kabati lisilofunga, na kompyuta tuliyoachiwa na mradi mmoja wa wafadhili ulipokwisha. Kompyuta hiyo ilikuwa na zulia lake na kitambaa chake cha kufuma, na kila aliyeingia alivua viatu mlangoni. Sheria ya viatu niliiweka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma kozi ya miezi mitatu Mwanza, na niseme ukweli, nilikuwa naringa.

Nimezaliwa Mwadui, kwenye nyumba za kampuni ya almasi, baba akiwa karani wa stoo. Mtoto wa Mwadui alikua akijua maji ya bomba, zahanati na king'ora cha kuingia kazini. Kahama niliiona ni vumbi tupu, na wachimbaji niliwaona ni watu wa matope. Niliwahudumia vizuri, sikuwa na ukali nao, lakini kwa miaka minne sikuwahi kukanyaga machimboni nione wanafanya nini hasa. Sikuona haja. Nilipanga chumba Nyahanga, nikaenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kila Jumapili nilisoma matangazo ya kazi katika gazeti la wiki iliyopita.

Kazi yangu kubwa ilikuwa daftari la majina. Mtu akienda kuchimba dhahabu, jina lake huliacha njiani. Akifika huko anapewa jingine: la chombo cha kazi, la timu ya mpira, la mnyama, la basi lililomleta. Wanaume wawili waliweza kulala turubai moja miaka miwili, wakala sufuria moja, na asiwepo anayejua mwenzake aliitwaje kwao. Wengine walikuwa wanawakwepa wake zao, wengine polisi. Wengi zaidi waliogopa kwamba jina la kweli likiangukia kwenye mdomo wa mwenye wivu litapelekwa kwa mganga, na duara, yaani shimo lao la kuchimbia, litawafunika. Sikucheka imani hiyo. Nimekulia Usukumani, najua mambo ya kucheka na mambo ya kunyamazia.

Shida ilikuwa kwamba aliyeishi kwa jina la machimboni alikufa kwa jina hilo hilo. Alizikwa vizuri, wenzake walichanga sanda, wakaandika jina lake la utani kwenye ubao, na huko kwao mama akaendelea kuuliza kila anayeshuka kwenye basi. Ndiyo maana chama kikaanzisha daftari. Lilikuwa na safu nne: jina la machimboni, jina la kwao, kijiji, na mtu wa kupelekewa habari. Mchimbaji aliingia peke yake, akavua viatu, nikafunga mlango, naye akanitajia kwa sauti ya chini sana. Nilizoea kuona majitu yenye vifua vipana yakinong'ona mbele yangu kama yanaungama. Na daftari lilifanya kazi. Zaidi ya mara moja niliona ndugu wakifika kutoka mbali, wanalia, lakini wanajua wanamlilia nani.

Mwanzoni daftari lilikuwa la karatasi. Nilipomaliza kulihamishia kwenye kompyuta, wachimbaji wenyewe walidai lichomwe. Karatasi inaibika, walisema, karatasi inasomwa na kila aliyefika darasa la tatu. Tulilichoma uani mbele ya kamati, na mjumbe mmoja, mzee mwenye maduara upande wa Masumbwe, akachokonoa majivu kwa kijiti mpaka akaridhika. Kuanzia siku hiyo majina yalikaa ndani ya mashine tu. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani. Ukiiwasha ilikuja na kioo cheusi na kialama kimoja kinachopepesa, ikakaa kimya kusubiri uiambie kitu. Maneno ya kuiambia niliyajua mimi peke yangu. Yule mzee aliwahi kuketi mbele yake, akabonyeza herufi kadhaa, mashine ikakataa. Akafurahi sana. Alisema hiyo ina akili, haimsemeshi mgeni.

Halafu mwenyekiti wetu akaenda Mwanza na akarudi si yule yule. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mwenye duka na sefu ya chuma, mkarimu, mcheshi, na mwepesi kutekwa na chochote kinachong'aa, jambo linaloeleweka kwa kazi yake. Kwa rafiki yake wa Mwanza alikuwa ameona Windows.

"Mashine ya mwenzetu ina rangi," aliiambia kamati. "Unaelekeza mshale, unabonyeza, mlango unafunguka. Sisi tumekaa na kioo cheusi utadhani ubao wa darasa la kwanza."

Mabishano yaliyofuata yalichukua miezi. Wachimbaji waligawanyika kama Bagika na Bagalu, yale makundi hasimu ya ngoma ya Wasukuma, kioo cheusi huku, madirisha kule, na wengi wao hawakuwahi kuigusa kompyuta hata kwa kidole. Benchi la nje halikukaukiwa na watu. Mmoja alisema hiyo mpya inakula umeme. Mwingine alisikia kwamba ifikapo mwaka elfu mbili mashine zote za zamani zitachanganyikiwa na kufuta kila kitu, basi afadhali tuwahi. Mwingine alisema rangi zitaniharibu macho na chama kitalazimika kuninunulia miwani. Mjumbe aliyefika kidato cha nne alisema jambo lililowaingia wengi: kwamba ile ya zamani haifundishwi tena, na siku nikiolewa au nikifa, majina ya watu yatabaki yamefungiwa humo na ufunguo umeondoka.

Yule mzee wa Masumbwe alikuwa kioo cheusi mpaka mwisho. Alikuja ofisini siku moja asubuhi, akavua makubazi, akakaa, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nikuulize. Hii ya sasa, nikiingia humu wewe haupo, naweza kuona jina la mtu?"

"Huwezi, baba. Hujui maneno ya kuiambia."

"Na hiyo ya picha?"

"Tutaifunga kwa neno la siri."

"Lakini picha ya mlango nitaiona?"

"Utaiona."

"Basi nitajua kuna chumba. Nikishajua kuna chumba, nitatafuta namna."

 Badala ya kukubali kwamba ana hoja, nilikereka. Kwa bahati yangu, kwenye kikao mwenyewe aliharibu hoja yake. Aliongeza kwamba mashine yenye rangi inavuta radi, watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nami nilicheka nao, tena kwa sauti.

Ukweli wangu sikumwambia mtu. Matangazo yale ya gazetini yalikuwa yameanza kudai karani awe anaijua Windows. Nilitaka Mwanza. Nilitaka ofisi yenye vioo, na pazia, na mtu mwingine wa kufagia. Kila nilipozungumza na mjumbe mmoja mmoja kumvuta upande wa madirisha, nilitaja usalama wa majina, nikataja kasi, nikataja mwaka elfu mbili. Sikutaja kwamba nataka kujifunzia kwenye mashine yao ili niwakimbie. Watu hudhani madhara makubwa huletwa na wabaya wakubwa. Mimi nilikuwa msichana anayetaka kazi nzuri zaidi, basi.

Mzee alipoona ameshindwa, alitoa masharti, na kamati nzima ikayapokea kwa heshima. Fundi alikuwa ametuambia kwamba mashine yetu ina nafasi ndogo, hivyo lazima aifute yote kabla ya kuweka programu mpya. Mzee akasema majina yatolewe kwanza, mgeni asiyaone hata moja. Yanakiliwe kwenye disketi mbili, moja ikiharibika nyingine iwepo. Na hizo mbili zisilale ofisini kwenye kabati lisilofunga, zikae kwenye sefu ya mwenyekiti. Nilitaka kubaki na moja kwenye mkoba wangu. Akaniangalia.

"Mayu, wewe unapanga chumba," alisema. "Majina ya watu yatalala kwenye chumba cha kupanga?"

Wote wakakubaliana naye, walioitaka Windows na wasioitaka. Ndilo jambo pekee ambalo kamati ile ilikubaliana nalo bila kupiga kura.

Nilinakili mwenyewe. Nilizifungua disketi zote mbili nikahakikisha majina yamo, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Nikazitia kwenye bahasha, nikampa mwenyekiti, nikampa na maelekezo: zisipigwe jua, zisiguswe na maji, zisiingiwe na vumbi. Aliyarudia moja baada ya jingine kama mwanafunzi, akahesabu kwa vidole, vidole vitatu.

Kwenye kozi tulifundishwa maadui wanne. Wa nne ni sumaku. Niliandika kwenye mtihani na nikapata vema. Lakini sumaku nilikuwa nimeiona wapi? Mwadui ni almasi. Katika ofisi yangu yenye zulia hapakuwa na sumaku. Laiti ningewahi kutembea mara moja tu hadi kwa wale watu wa matope, ningemwona kila mwenye dhahabu akiwa nayo mfukoni, maana dhahabu ikishasagwa na kuoshwa hubaki na mchanga mweusi wa chuma, na njia ya kuuondoa ni kupitisha sumaku juu ya karatasi mpaka mchanga wote uinuke na dhahabu ibaki chini. Mtoto wa machimboni analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Mimi karani wao sikulijua.

Fundi alikuja kutoka Mwanza siku ya Jumanne na sanduku lake. Kabla ya kufuta aliniuliza kama nakala zipo. Nikasema zipo. Aliuliza tena, nikaudhika, nikasema zipo kwenye sefu ya chuma, wapi tena kuna usalama kuliko huko? Akafuta. Kwa sababu ya mgao wa umeme kazi iliendelea mpaka Ijumaa.

Ijumaa asubuhi kamati yote ilifika. Mwenyekiti alinunua soda. Viatu vilijaa mlangoni, watu wakasimama pembezoni mwa zulia, na fundi akawasha. Kioo kikaja na anga la buluu na mawingu, watu wakapiga makofi, hata wa kioo cheusi. Ilipendeza. Siwezi kukataa kwamba ilipendeza. Nilisimama pale nikiona Mwanza. Mwenyekiti akatoa bahasha yake kifuani kwa mbwembwe, nikaweka disketi ya kwanza. Mashine ikakoroma kidogo, kisha ikaandika kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba disketi hii haijaandaliwa bado, je, ungependa niiandae sasa?

Nikaitoa nikaiweka tena. Nikaweka ya pili. Ikauliza vile vile.

"Zilikuwa zinakaa wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye sefu," mwenyekiti akasema. "Tena nilizitunza. Nilizilaza katikati ya vipande viwili vya boksi zisipinde, nikazibana kwa juu na kitu kizito."

"Kitu gani?"

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Akavuka, akarudi nacho, bado ana uso wa mtu anayengoja kusifiwa. Ilikuwa sumaku ya spika kubwa, nyeusi, pana kama kisahani cha chai, imeshika vumbi la chuma pande zote. Fundi alirudi nyuma hatua moja. Kisha akaeleza, taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na alivyokuwa akieleza ndivyo nilivyoyaona macho ya watu yakihama kutoka kwa mwenyekiti kuja kwangu.

Mzee wa Masumbwe hakupaza sauti.

"Na kitabu tulikichoma," alisema.

"Tulikichoma, baba."

Akatoka nje, akavaa makubazi yake, akaondoka. Soda yake ilibaki kwenye meza haijafunguliwa.

Fundi alijaribu kila alichojua, akaondoka na disketi kwenda kuwaonyesha wenzake Mwanza, akaandika kwamba hakuna kitu. Hapo ndipo maoni yakaanza upya. Wa kioo cheusi walisema tuliambiwa. Wa madirisha walisema Windows haina kosa, kosa ni sefu, na sefu ilikuwa sharti la kioo cheusi. Mwenyekiti alisema hakuambiwa habari ya sumaku. Wote walikuwa na haki. Niliwachukia kwa kuwa na haki, nikakaa nyuma ya anga langu la buluu nikatazama mshale ukitembea.

Tulijaribu kuandikisha upya. Wachache walikuja. Wengine walikuwa wameshahama kufuata dhahabu mpya upande wa Geita, wengine walisema jina hutolewa mara moja. Mmoja alisimama mlangoni na viatu vyake, hakuingia, akaniambia, "Dada, la kwanza umelipeleka wapi?" Na kulikuwa na wale ambao wasingekuja kwa vyovyote, kwa sababu walishazikwa, na barua za kupeleka habari kwao zilikuwa bado hazijaandikwa. Nilikuwa nimeziahirisha. Nilikuwa na shughuli ya Windows.

Mama mmoja alifika baada ya miezi kadhaa, wakati wa kiangazi. Alikuwa Muha kutoka huko Kibondo, mwembamba, amejifunga kanga mbili zisizofanana, mkononi ana kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Alivua viatu kabla sijamwambia. Sasa watu wengi hawakuvua, nami nilikuwa nimeacha kuwalazimisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye dada wa chama."

Akatoa barua iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Mwanawe alikuwa ameiandika zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na baada yake haikuja nyingine. Alinipa niisome. Ilisema yuko salama, asalimiwe mke wake, ng'ombe asiuzwe. Mwishoni ilisema: Mama usiwe na wasiwasi, hata likinipata la kunipata, jina langu lipo ofisini Kahama kwa dada wa chama.

Nikasoma jina chini ya barua, na nikalikumbuka.

Nililikumbuka vizuri. Mamia ya watu walipita mbele yangu na wengi sikuwakumbuka, lakini huyu nilimkumbuka kwa sababu ya safu ya nne. Nilipomuuliza nani apelekewe habari alisema apewe katekista wa kijiji, si mama, mama ana presha, aambiwe taratibu. Nilimwambia safu hiyo ni ndogo, haina nafasi ya maelezo. Akaniomba niyaandike hata hivyo, nami nikayaandika yote: mama ana presha, aambiwe taratibu. Nililikumbuka jina lake, kijiji chake na katekista wake. Safu ya kwanza, jina walilomwita machimboni, ambalo ndilo pekee lingeweza kunipeleka kwake, haikuja. Nilifumba macho nikaona kioo cheusi na maandishi meupe, nikafuata mstari kurudi nyuma kwa kidole, na mwanzoni mwa mstari palikuwa patupu.

"Nilimwandika," nilisema. "Alikuja hapa."

Uso wake ulifunguka kiasi kwamba nilitamani ningekuwa nimesema uongo. "Sasa anaitwaje huko?" akauliza. "Nikamuulizie."

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya mashine na disketi na sumaku, na nilivyokuwa nikieleza niliona kwamba kwake yote ni maneno tu. Alisubiri nimalize, akauliza tena, kwa upole, anaitwaje.

Siku ya pili mwenyekiti alitupakia kwenye pikapu yake. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika machimboni, na ilikuwa kwa ajili hiyo. Wachimbaji walikusanyika. Mama akamwelezea mwanawe: mrefu, ana mwanya, mkono wa kushoto una kovu la uji wa moto uliomuunguza akiwa anatambaa. Watatu wakasema wanamjua, ni yule aliyeitwa kwa jina la basi, mzima kabisa, ameondoka kufuata dhahabu upande wa Geita. Wengine wawili wakasema hapana, yule wa basi hana mwanya. Mwenye kovu ni yule aliyeitwa kwa jina la chombo cha kazi, alikufa kwa homa wakati wa masika, wao wenyewe walimzika. Wale watatu wakasema kovu la yule lilikuwa mkono wa kulia. Wakaanza kubishana, wananyoosha mikono, wanaonyeshana wa kulia na wa kushoto. Mama alikuwa akigeuza kichwa, kwa huyu, kwa yule. Mwishoni alisema, si kwa ukali:

"Kila mtu ana lake. Nani anajua?"

Wakashusha mikono. Yule mzee mwenye maduara alikuwepo pia. Alinitazama mara moja, akatazama chini.

Tulikwenda makaburini, nyuma ya maduara, mahali pa mbao zilizopigiliwa kwenye vichuguu vya udongo. Mama hakujua kusoma. Aliniomba nimsomee. Nilipita ubao kwa ubao nikisoma majina ya utani ya marehemu kwa sauti, mengine ya kuchekesha, mengine yenye matusi kidogo, na yeye akasimama mbele ya kila moja na kusikiliza.

"Huyu hapana," alisema mahali pamoja. "Mwanangu asingekubali kuitwa hivyo."

Kwenye ubao wa yule aliyeitwa kwa jina la chombo alikaa muda mrefu. Alichuchumaa, akagusa udongo, akafunua kikapu. Ndani kulikuwa na mihogo mikavu na chupa ya asali. Aliitazama asali, akafunika tena kikapu, akainuka. Hakuacha kitu. Nilielewa: ukimwachia mtu chakula cha kaburini umeshakubali.

Alilala kwangu Nyahanga siku mbili, akafagia chumba changu na kunipikia. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza stendi. Basi lilikuwa linapakia magunia. Alishika mkono wangu, akauliza swali ambalo nafikiri ndilo alilolibeba tangu makaburini.

"Mwanangu, nikifika nyumbani wataniuliza. Tumlilie, au tumsubiri?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno ni fupi. Lakini alinitazama kama mtu wa mwisho duniani aliyewahi kulisikia jina la mwanawe kutoka kinywani mwake, na kweli nilikuwa mtu huyo, na nikashindwa kumpa mikono mitupu.

"Mumsubiri, mama," nilisema.

Akashukuru. Akaniachia ile asali.

Mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka Kibondo, mwandiko wa mtoto wa shule. Ilikuwa na salamu nyingi, kisha habari yenyewe. Mke wa yule kijana ana mtu anayetaka kumuoa, na yeye mwenyewe yuko tayari. Wazee wa ukoo wameona wafanye matanga, wamwachie huru, wagawe na shamba. Katekista amekubali. Aliyekataa ni bibi mmoja tu, mama wa kijana. Anasema yule dada wa ofisini alilikumbuka jina, na alisema tumsubiri, na mtu wa ofisini hawezi kusema bila kujua. Kwa hiyo kila kitu kimesimama, na wananiomba niwaandikie kama kuna habari yoyote, au niwaambie tu wasubiri mpaka lini.

Nilipata kazi Mwanza. Niliifahamu Windows vizuri sana. Barua ile niliibeba, nimehama nayo nyumba tatu, na mara kadhaa nimeketi nikaandika anwani ya katekista juu ya karatasi na nisiendelee. Nikiandika kwamba amekufa, naweza kuwa namzika mtu aliye hai. Nikiandika kwamba sijui, mama yule atajua kwamba hata pale stendi sikujua. Sikujibu. Kwa kadiri ninavyofahamu, bado wanamsubiri.